Mkate Mkavu Usitupwe

Bibi msomaji, usiutupe mkate uliokauka. Katika jimbo la Toscana, Italia, hufanywa kwao chakula cha kiangazi kiitwacho panzanella, wala hakihitaji moto.

Mkate wa huko huokwa bila chumvi. Na uwe wa siku mbili tatu, mgumu lakini usio na ukungu. Mkate laini hugeuka uji. Uloweke katika maji baridi, kisha uukamue kwa nguvu (hapa ndipo wengi hukosea) na kuufikicha. Tia nyanya, kitunguu maji, tango na majani ya mrehani, halafu chumvi, siki na mafuta ya zeituni. Zamani, nyanya zilipokuwa bado hazijaletwa kutoka Amerika, kitunguu ndicho kilichotawala bakuli. Kiache nusu saa, ndipo ukiandae.