Pumzi Kwanza, Uji Baadaye

Ukitaka kujua tunavyowapenda wagonjwa wetu, ingia katika chumba cha mtu aliyeruhusiwa kutoka hospitalini. Utakuta dirisha limefungwa ndi, mgonjwa kafunikwa blanketi tatu, jiko la makaa li kando ya kitanda, na jamaa wanane wamejazana humo humo. Mmoja wao ana kikombe cha uji mkononi, akimsihi mgonjwa anywe hata kidogo tu.

Hivyo ndivyo nilivyomkuta mjomba wangu kule Kinangop, Julai mwaka jana, siku mbili baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Alikuwa amelazwa kwa nimonia. Wanaoijua Kinangop mwezi wa Julai hawatamlaumu mkazamjomba kwa kuwasha jiko, maana baridi ya huko haina mzaha. Mzee alikuwa kalala chali bila mto, akihema kama aliyetoka kupanda mlima, nasi tukijiuliza kwa nini anakataa uji.

Aliyetuzindua ni jirani, muuguzi mstaafu aliyekuja kumjulia hali. Alisimama mlangoni, akamtazama mgonjwa kwa muda, kisha akamwambia mkazamjomba: "Mama, weka huo uji kando. Mzee apate hewa kwanza."

Msomaji, huo ndio mpangilio ambao wauguzi hufunzwa tangu siku za mwanzo chuoni, na ambao sisi nyumbani huugeuza juu chini. Pumzi hutangulia. Maji hufuata. Chakula huja baadaye. Mtu aweza kukaa siku kadhaa bila chakula, lakini bila hewa ni dakika chache tu. Isitoshe, anayehema kwa kasi akilishwa kwa nguvu, uji waweza kupotea njia ukaingia mapafuni, na hapo umemwongezea ugonjwa juu ya ugonjwa.

Jambo la kwanza alilofanya jirani yetu ni kutoa jiko nje. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humnyima oksijeni hata mtu mwenye afya, sembuse mwenye mapafu yaliyoumwa. Kisha akafungua dirisha. Mkazamjomba alitaka kupinga, akaambiwa blanketi zibaki, dirisha lisibaki. (Hata Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa kule Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1859 aliweka hewa safi mbele ya mambo yote, mradi mgonjwa asipigwe na baridi.)

Halafu tukamketisha mzee, mito mitatu mgongoni. Mtu akilala chali, tumbo husukuma juu ule msuli mpana unaolitenga na kifua, na mapafu hukosa nafasi ya kupanuka. Akiketi, au akiinamia mbele na kuegemeza mikono juu ya meza yenye mto, hupumua kwa nafuu. Hili ni la kukumbuka pia kwa wenye pumu. Lakini aliyezirai haketishwi. Huyo hulazwa ubavu ili akitapika asipaliwe.

Baada ya hapo jirani alimshika mzee kifundo cha mkono kana kwamba anapima mapigo ya moyo, kumbe macho yake yalikuwa kifuani. Alikuwa anahesabu pumzi. Hufanywa kwa siri kidogo, kwani mtu akijua anahesabiwa hubadilisha anavyopumua. Hesabu dakika nzima kwa saa. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Zikipita 30, au akishindwa kumaliza sentensi moja bila kutweta, au midomo na ulimi kuingia rangi ya buluu, au akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, usingoje kupambazuke.

Mzee alikuwa na 34.

Tulipokuwa tukitafuta gari, jirani aliuliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia: "Choo chake kina rangi gani?" Tukatazamana. Aliyekuwa akimwaga kopo ni mkazamjomba. Kwa sauti ya chini alisema kuwa kwa siku nne hivi, tangu mzee akiwa bado wodini, kilikuwa cheusi kama lami, chenye uvundo mkali, naye alidhani ni mboga za managu. Aliona haya kusema mbele ya watu.

Kumbe kifua hakikuwa kimerudiwa na nimonia. Hospitalini ilibainika kwamba mjomba alikuwa na kidonda cha tumbo kilichokuwa kikivuja damu polepole, na damu ilikuwa imepungua sana. Damu ndiyo hubeba oksijeni. Ikipungua, mtu huhema hata kama mapafu yake yanafanya kazi. Tulikuwa tukitazama kifua kumbe tumbo ndilo lililokuwa likilia.

Na kidonda kilitoka wapi? Kwa miezi mingi mzee alikuwa akinunua dukani tembe za kutuliza maumivu ya magoti, akizimeza asubuhi kabla ya chai. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zote hudhoofisha ngozi laini ya tumbo, hasa kwa wazee. Hakuna aliyemwambia daktari wa nimonia habari za tembe hizo, kwa kuwa sisi hatukuzihesabu kuwa dawa.

Choo cheusi kama lami, au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Ni kweli vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya choo kuwa cheusi, lakini mwache daktari aamue. Na yale maziwa tunayompa mwenye vidonda hutuliza kwa muda mfupi tu, kisha tumbo huzidi kutoa asidi.

Kuhusu maji, kosa letu kubwa ni kumnyima mwenye kuhara tukidhani tumbo litakauka. La hasha! Anayekauka ni mgonjwa. Mpe gilasi moja au mbili za maji ya chumvi na sukari kila anapoharisha. Pakiti ya zahanati huchanganywa kama ilivyoandikwa juu yake. Ukiikosa, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uanze tena kijiko kimoja kimoja. Uji utakuja pumzi zikitulia, kidogo kidogo, akiwa ameketi, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula.

Mjomba aliongezwa damu, akapewa dawa za kupunguza asidi, na tembe za magoti zikapigwa marufuku. Nilimtembelea mwezi uliopita. Bado hulalia mito mitatu, na bado hugombana na mkewe kuhusu lile dirisha. Tembe zake zote, hata zile za dukani, sasa hukaa katika mkebe mmoja, na mkazamjomba huubeba mkebe mzima kila wanapokwenda kliniki. Kuhusu rangi ya choo, husema hata asipoulizwa.