Gesi ya Kivu na Saa ya Magharibi



Ndugu wazazi na wanafunzi, juzi kijana mmoja wa madrasa aliniuliza: "Ustadhi, umeme wa gesi ni safi?" Nikamjibu upesi kuwa ndiyo. Nilipofika nyumbani nikaona jibu langu lilikuwa nusu tu.

Sisi wa Rusizi tumezoea umeme wa maji. Bwawa la Ruzizi ya kwanza lipo tangu miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili tangu 1989. Lakini maji peke yake hayaitoshi nchi, hasa jioni. Magharibi ikiingia, kila nyumba huwasha taa, televisheni na pasi kwa wakati mmoja. Kwa miaka mingi pengo hilo limezibwa kwa mitambo ya mafuta. Baada ya ukame wa 2004, Rwanda ililazimika kukodi majenereta ya dizeli kwa gharama kubwa.

Hapo ndipo gesi inapoingia. Chini ya Ziwa Kivu kuna takriban kilomita za ujazo 60 za methani. Kule Karongi, mtambo wa KivuWatt uliozinduliwa 2016 huvuta maji yenye gesi kutoka kina cha mita zipatazo 350, ukaitenga gesi na kuzalisha megawati 26. Injini za gesi huwaka haraka, kwa hiyo zinafaa pale mahitaji yanapopanda ghafla. Tena kupunguza gesi ziwani ni kinga. Mwaka 1986 gesi iliyotoka Ziwa Nyos, Cameroon, iliua watu wapatao 1,700.

Faida hizo tuzikiri. Masizi yake ni machache kuliko ya dizeli, na kaboni dioksidi yake ni kama nusu ya ile ya makaa ya mawe. Lakini moto wake mkali huzaa oksidi za nitrojeni, zinazodhuru mapafu. Na methani ikitoroka bila kuungua, katika miaka 20 huipasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Injini inayowashwa na kuzimwa mara kwa mara, au inayoendeshwa kwa mzigo mdogo, huiachia zaidi.

Maoni yangu ni haya: gesi tuikubali, lakini tusiiite safi bila kipimo. Pale soko la Kamembe hatununui mchele kwa mizani tusiyoiona. Methani inayotoroka nayo ipimwe, na hesabu yake wananchi waijue. Ziwa hili ni amana yetu pamoja na ndugu zetu wa Bukavu na Goma.

Na sisi tusijitoe. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alimkanya Sa'd asifanye israfu ya maji ya udhu, hata akiwa kando ya mto unaopita. Sisi tunaoishi kando ya Rusizi tuna udhuru gani? Sare za shule zipigwe pasi mchana. Taa ya chumba kisicho na mtu izimwe. Televisheni isiyotazamwa izimwe pia.

Yule kijana nimemrudia. Nimemwambia gesi ni nafuu kuliko dizeli, ila ina moshi wake, na sehemu ya moshi huo tunauagiza wenyewe kila Magharibi.

Wabillahi tawfiq.