Mzee Anayetetemeka Hakurogwa

Kuna mzee mmoja katika ukoo wetu ambaye kwa miaka minne mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka hata anapoupumzisha pajani. Mwanzoni tulisema ni uzee. Alipoanza kuburura miguu na uso wake kukauka usionyeshe furaha wala hasira, majirani wakasema ana mkono wa mtu. Kipande cha shamba kikauzwa ili mganga alipwe. Siku alipofikishwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, haikuchukua hata saa moja kabla ya kuambiwa kwamba anaugua Parkinson.

Wasomaji wengi wa mjini watasema mambo hayo ni ya mashambani. Si kweli. Hata katika mitaa ya Nairobi na Mombasa wapo wazee wanaofichwa vyumba vya nyuma wageni wanapobisha hodi. Na huko Kilifi tumesoma mara nyingi kuhusu wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Ndiyo maana naona ni haki kila mmoja wetu aelewe kiini cha maradhi haya.

Daktari James Parkinson wa London aliyaeleza maradhi haya mwaka 1817. Mwaka 1912 Fritz Lewy aliona madonge madogo ndani ya seli za ubongo wa waliougua. Lakini ilibidi kusubiri hadi 1997 ndipo ijulikane kwamba madonge hayo yamejaa protini iitwayo alfa-sinukleini. Mwaka huo huo, hitilafu katika jeni ya protini hiyo ilipatikana katika familia za Kiitalia na Kigiriki zilizorithi maradhi hayo.

Protini hii ina ajabu yake. Shuleni tulifundishwa kwamba kila protini hujikunja ikapata umbo maalumu, na kwamba umbo hilo ndilo linaloipa kazi, kama ufunguo na kufuli lake. Fikra hiyo ilipata nguvu kwa sababu wanasayansi walizipiga protini picha kwa eksirei zikiwa fuwele. John Kendrew na Max Perutz walipewa Nobel ya kemia mwaka 1962 kwa kazi hiyo. Sehemu zilizokuwa zikichezacheza hazikuonekana kwenye picha, na aghalabu zilipuuzwa.

Mwaka 1999, Peter Wright na Jane Dyson walihimiza fikra hiyo iangaliwe upya. Leo inakubalika kwamba protini nyingi za binadamu zina sehemu ndefu zisizo na umbo la kudumu. Hata programu ya AlphaFold, iliyowapatia Demis Hassabis na John Jumper fungu la Nobel ya kemia mwaka 2024, inapofika kwenye sehemu hizo hutoa alama za chini kuonyesha kwamba haina uhakika.

Nitatoa mfano wa nyumbani. Sufuria ina umbo moja, na kazi yake inajulikana. Leso haina umbo. Lakini mama huyo huyo huitumia kumbeba mtoto, kujitanda kichwani, kufunga mzigo, na hata kuiviringa ikawa ngata ya kutegemeza mtungi. Protini isiyo na umbo ni leso ya seli. Hukutana na protini hii na ile, ikishika na kuachia, na kwa hiyo hufaa sana katika kupokea na kupeleka habari. Protini ya p53, ambayo jeni yake huwa imeharibika katika takriban nusu ya saratani za binadamu, ina ncha za namna hiyo.

Alfa-sinukleini ina asidi amino 140 tu. Ikielea huwa legelege, lakini inapogusa utando wa vifuko vinavyobeba kemikali za ubongo, sehemu yake kubwa hujisokota na kusaidia kuvipanga. Balaa huanza protini hizi zinaposhikana zenyewe kwa zenyewe na kuwa nyuzi ngumu, mithili ya leso zilizokazana fundo lisilofunguka. Seli zinazotengeneza dopamini hufa. Mkono unapoanza kutetemeka, nyingi huwa zimeshapotea.

Hapo hakuna pepo. Hakuna pia dawa ya kuponya, kwani ni vigumu kubuni dawa ya kukishika kitu kisichotulia. Hata hivyo, levodopa, ambayo hutolewa pamoja na kabidopa, humrudishia mgonjwa uwezo wa kutembea na kujifunga vifungo, ingawa haizuii seli kufa. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Shirika hilo lilikadiria kuwa watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa na Parkinson mwaka 2019.

Kwa maoni yangu, dawa iliyo muhimu duniani haifai kuwa anasa Kenya. Kila hospitali kuu ya kaunti yapasa kuwa nayo wakati wote, na wauguzi wa zahanati wafunzwe dalili zake: mwendo wa polepole, viungo kukakamaa, mwandiko kuwa mdogo, pua kupoteza harufu. Si kila mtetemo ni Parkinson, kwa hivyo aamue daktari. Na wanaosikia kwamba mbegu za upupu zina levodopa wasijitibu nyumbani, maana kipimo chake hakijulikani na kuzidisha ni hatari.

Wanasayansi walikipuuza kisicho na umbo, kisha wakajirudi. Nasi tujirudi. Mzee wetu sasa ananywa chai bila kuimwaga, lakini lile shamba halitarudi.