Taa ya Upepo Inapowaka

Akina mama wenzetu, kuanzia Mbagala hata Tegeta tunapakia watoto garini kila asubuhi. Baadhi ya magari hayo yana taa ya njano yenye alama ya tairi na mshangao. Tusiizoee.

Ikiwaka moja kwa moja, upepo umepungua. Tupime matairi yote kwa geji kabla ya safari, yakiwa baridi, tukifuata kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tairi lenye upepo mdogo hupata joto, na huweza kupasuka.

Ikiwaka na kuzimika kama dakika moja, kisha ikabaki inawaka, mara nyingi kifaa kilichomo ndani ya gurudumu, kiitwacho sensa, kimekufa. Betri yake hudumu miaka 5 hadi 10, na magari yetu mengi huingia nchini yakiwa yameshatumika. Kwa kawaida hubadilishwa sensa nzima. Fundi aipime kwa mashine kwanza, aweke inayolingana na gari, kisha aisajili kwenye kompyuta ya gari.

Sisi wauguzi, kipimajoto kikivunjika hatuachi kumwangalia mgonjwa. Basi, tunapokusanya fedha za sensa, geji isitoke garini. Kuifunika taa kwa plasta si tiba.