Nani Mwenye Mji?

Wapo wanaodai kuwa kuujenga mji upya ni kazi ya wataalamu, na kuuliza wapigakura ni kumpa abiria usukani wa jahazi. Usukani huo wataalamu walikwisha kupewa. Sheria ya Nyumba ya Marekani ya 1949 iliwapa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mtaa wa West End, Boston, ukaitwa chakavu, ukabomolewa, na maelfu ya wakaazi wake wakatawanyika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wala hujui joto lake.

Raia wa Littleton, Colorado, walichagua njia nyingine. Walikusanya saini, wakapendekeza wenyewe marekebisho ya katiba ya mji wao, na Machi 2015 wapigakura wakayapitisha: mpango wa kutwaa ardhi kwa nguvu, au wa kuelekeza ongezeko la kodi kwenye mradi, sharti kwanza upate kura yao.

Naam, wapigakura hukosea. Lakini kosa lao huwarudia wenyewe. La mtaalamu humwangukia asiyeulizwa. Kura haikatazi kujenga. Yakataza kujenga juu ya kimya cha watu. Mwenye ramani njema aogope nini kuwaonesha wenye nyumba?