Tarbushi za Keya Zaondoka, Majina Yabaki Nyuma

Majuzi nilishuka Sachangwan, pale ambapo barabara kuu itokayo Nakuru yapanda kuelekea Mau Summit na malori hukokota mzigo kama wazee wanaopanda ngazi. Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujaondoka, na akina mama walikuwa wamejifunika shuka nyuma ya magunia ya viazi. Mimi sikufuata viazi. Nilifuata kofia.

Wanaonijua hunicheka kwa ugonjwa wangu huu wa kukusanya tarbushi kuukuu. Safari hii ni kijana mmoja wa huko aliyenipigia simu. Nyumbani kwao, alisema, imo tarbushi nyekundu ya babu yake aliyekuwa askari wa Keya, na dalali mmoja kutoka Nairobi amekwisha kuja mara mbili akiitaka.

"Mzee, wewe ndiwe mjuzi wa kofia. Njoo utuambie bei yake kabla hatujapunjwa."

Mama yake aliitoa katika sanduku la bati, imefungwa kwa kitambaa cha mto. Kishada kilikuwa kimekwisha kung'oka. Rangi yake, iliyokuwa nyekundu ya damu, ilikuwa imefifia upande mmoja kama tofali la zamani. Niliigeuza ndani kwanza, kwani tarbushi husomwa ndani na si nje. Palikuwa na ukanda wa ngozi uliokauka kwa jasho, mhuri wa ule mshale mpana ambao serikali ya Uingereza ilikuwa ikiupiga juu ya mali yake, na chini ya mhuri, kwa wino, namba ya askari yenye tarakimu tano.

"Dalali anasema kofia hii ilipigana Bama," kijana akaniambia.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kazi ilivyo kubwa. Babu huenda alipigana Bama, maana vikosi vya Keya vilikuwamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyosukumana na Wajapani huko mwaka 1944. Lakini kofia hii haikupigana. Katika vita vile vya pili askari wetu walivaa kofia pana za ukingo uliokunjwa upande mmoja. Tarbushi ilikuwa ya gwaride, pamoja na mshipi mwekundu wa kiunoni. Dalali ama hajui, ama anajua na anatunga hadithi kwa sababu hadithi ya Bama ina bei ng'ambo.

Na kuna udanganyifu mwingine ulio mkubwa zaidi. Si kila tarbushi nyekundu inayookotwa katika Bonde la Ufa ilikuwa ya askari. Zamani za walowezi, mpishi na mtumishi wa mezani katika nyumba za Njoro na Molo, na katika mahoteli, alivishwa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu na tarbushi. Kofia ya mtumishi haina mshale wala namba, na mara nyingi ni laini zaidi. Wachuuzi huzichanganya zote na kuziita za Keya. Binafsi naithamini ile ya mtumishi sawasawa na ya askari, maana mtu aliyebeba sinia miaka thelathini naye ana historia. Lakini mnunuzi wa ng'ambo hataki sinia, ataka bunduki.

Ndugu msomaji huenda akauliza kofia hii ya mji wa Fes, kule Moroko, ilifikaje katika nyanda hizi za baridi. Sultani Mahmud wa Pili wa Uturuki, baada ya kulivunja jeshi la Majanisari mwaka 1826, aliwavisha askari wake wapya tarbushi, na mwaka 1829 akawavisha na maofisa wa serikali. Mtindo ukashika Misri, na kutoka Misri ukateremka Sudani pamoja na askari. Viwanda vya kuzishona havikuwa vya Kituruki peke yake. Mji wa Strakonice, ulioko sasa katika Jamhuri ya Cheki na wakati ule ukiwa chini ya Austria, ulizitengeneza kwa wingi mno. Sufu ilifumwa kuwa kofia kubwa iliyolegea, ikasongwa katika maji moto mpaka ikasinyaa na kushikamana, ikatiwa rangi na kunyooshwa juu ya kalibu. Ilipofika mwaka 1908 na Austria ikajitwalia Bosnia, watu wa dola ya Kituruki waligoma kununua bidhaa za Austria, na wengi wakazitupa tarbushi zao kwa hasira. Mwaka 1925 Mustafa Kemal akazipiga marufuku kwa sheria. Kwa hiyo wakati ambapo Mturuki alikuwa akishtakiwa kwa kuivaa, askari wa Keya alikuwa akishtakiwa kwa kutoivaa kwenye gwaride. Dunia hii ina vituko.

Huku kwetu iliingia vichwani mwa Wanubi. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mabaki ya askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, akawachukua kuja kuitumikia kampuni ya Waingereza Uganda. Baadhi yao waliwekwa Eldama Ravine, ambako si mbali na Sachangwan. Nyakati hizo Ravine ilikuwa sehemu ya Uganda, na haikuingizwa upande huu mpaka mwaka 1902. Ni huko Ravine, mwaka 1897, askari hao walipochoka na mshahara mdogo na safari zisizokwisha, wakaasi na kurudi magharibi hadi Busoga kwenye ngome ya Luba. Uasi ulizimwa kwa damu. Miaka mitano baadaye, 1902, vikosi vya Uganda, Afrika Mashariki na Nyasa viliunganishwa vikawa King's African Rifles, nasi tukafupisha tukasema Keya. Kofia ikabaki.

Sasa, kuna watu husema kwamba kofia ya mkoloni iachwe iende, kwani imetuletea nini? Nilipata kuwasikiliza na kukaribia kukubali. Lakini mwezi wa Aprili 2021 ilitolewa ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika Vita Kuu vya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Mzungu alipewa jiwe lenye jina lake. Askari wetu, na zaidi yake mpagazi wa Kariakoo, alihesabiwa kwa jumla kama magunia. Ile sanamu ya askari iliyosimamishwa Nairobi mwaka 1928 ina maneno ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, lakini jina la mtu hata mmoja aliyekufa halimo.

Katika hali hiyo kofia yenye namba ni hati. Namba hiyo, ikiwa mikononi mwa jamaa wanaojua ilikuwa ya nani, yaweza kulinganishwa na daftari za jeshi, na mtu akapatikana. Ikiwa ndani ya kabati la kioo huko London, bila jamaa, ni tarakimu tano tu. Wanubi wanaifahamu hesabu hii kuliko sisi sote. Walitumikia kwa vizazi, na bado watoto wao walisumbuliwa kupata vitambulisho, hata Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto ikaamua mwezi wa Machi 2011 kwamba Kenya iliwakosea. Hati ya ekari 288 za Kibra waliipata mwaka 2017. Mtu aliyeombwa mara nyingi athibitishe kwamba babu yake alikuwapo hapa hawezi kuicheka kofia ya babu.

Na sheria je? Nilimweleza kijana, naye alishangaa. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inazuia vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali, lakini kitu cha kale kwa mujibu wake ni kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Keya imeanza 1902. Hakuna tarbushi hata moja ya Keya inayofikia mwaka huo. Mlango wa kuchongwa wa Lamu umetajwa waziwazi na kulindwa, mradi ulichongwa kabla ya 1946. Kofia ya askari haikutajwa. Waziri anao uwezo wa kutangaza kwamba aina fulani ya vitu ilindwe, nami sioni kinachomzuia kuziingiza hizi, pamoja na nishani na vitabu vya malipo.

Nisijifanye mtakatifu. Tarbushi ya kwanza niliyoinunua niliipata kwa mwanamke mmoja njiani, miaka mingi iliyopita, kwa pesa za kununulia debe la viazi. Nilifurahi mno hata sikumwuliza ilikuwa ya nani. Ndani mna namba. Nimeiandika katika daftari langu, nimeitafuta, na haina mtu. Yule mama huenda alikuwa binti yake. Kila niigusapo kofia ile huona aibu.

Kwa hiyo sikumtajia kijana bei. Nilimwomba mama yake aniambie jina kamili la mzee, ukoo wake, mwaka aliorudi vitani na mahali alipozikwa, nikayaandika kwenye karatasi mbili. Moja tuliikunja tukaitia ndani ya kofia. Niliwaambia pia kwamba wakitaka itunzwe nje ya nyumba, wanaweza kwenda Makumbusho ya Hyrax Hill hapo Nakuru wakaulize.

Mama alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mzee, hayo yote ni kweli. Lakini karo ya mtoto yatakiwa Jumatatu, na huyo wa Nairobi amesema atakuja Jumamosi na pesa mkononi."

Sikuwa na la kumjibu. Nje, lori lilikuwa likiteremka kuelekea Salgaa huku breki zikilia, na watu wote barabarani wakageuka kulitazama, kama wafanyavyo hapo tangu moto wa lile lori la mafuta wa Januari 2009, ulioua watu zaidi ya mia moja, wengi wao wakazikwa pamoja bila kutambulika. Mama naye alisimama mlangoni mpaka likapita. Kisha akaifunga tarbushi katika kitambaa chake, karatasi ikiwa ndani, akairudisha sandukuni.