Kumwigiza Mgonjwa Mbele ya Mama Yake

Vikundi vingi vya akina mama na vijana huku kwetu Singida hupenda kuigiza kisa cha yule mtoto aliyekuwa akianguka, ambaye baba yake alimleta kwa Yesu. Kimo katika Marko 9, na pia Mathayo 17, ambapo Biblia yetu ya Kiswahili inautaja ugonjwa wenyewe kwa jina: kifafa. Kikundi kimoja kimeniomba nieleze, kwa kuwa mimi ni muuguzi, jinsi ya kumwandaa kijana atakayeigiza mtoto huyo.

Mara nyingi kijana huyo huandaliwa kwa sabuni. Anafichiwa kipande mdomoni ili atoe povu, kisha anajirusha chini muda mrefu, na watu wanacheka hadi kutokwa machozi. Lakini tazama mabenchi ya nyuma. Yupo mama aliyemwacha mwanawe nyumbani kwa sababu anaanguka, na kicheko kile kinamwambia kwamba alifanya vema kumficha.

Kujua ugonjwa peke yake hakutoshi. Lupita Nyong'o, Mkenya aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014, aliigiza mwaka 2019 katika filamu iitwayo Us. (Ni filamu ya kutisha, usiwawekee watoto.) Mmoja wa wahusika wake ana sauti ya kukwaruza, inayokatika katika. Alijiandaa kwa bidii, hata akawaona wataalamu wa koo na wa sauti, naye akaeleza kwamba sauti ile aliipata kutokana na ugonjwa unaokaza misuli ya koo. Wagonjwa waliumia kuona maradhi yao yamevikwa mhusika wa kuogofya, naye akaomba radhi hadharani. Utafiti haukupungua hata kidogo. Ila wagonjwa nao ni watazamaji.

Basi, akina mama, sabuni iacheni. Kijana aanguke mara moja tu. Mwili ukakamae, kisha utikisike kwa muda mfupi, halafu utulie. Sehemu ambayo waigizaji wengi huiruka ni ile inayofuata: mtoto anaamka amechoka, hajui yuko wapi, pengine amejikojolea, anaona aibu, anataka kulala. Hapo ndipo watazamaji wataacha kucheka.

Tena, kwa maoni yangu mhusika mkubwa hapa ni mzazi, wala si mtoto. Anayeigiza baba yule akakae mchana mzima na mama anayemlea mtoto wa namna hiyo, kama mama huyo akiridhia. Akikataa, msimsumbue. Ataona jinsi anavyogeuka kila mara kutazama mafiga, na jinsi asivyomruhusu mtoto kwenda peke yake Ziwa Kindai au hata kisimani. Injili yenyewe inataja moto na maji, na sisi wauguzi tunayafahamu makovu hayo. Baadhi ya watoto huungua zaidi kwa sababu watu wanaogopa kuwagusa, wakidhani povu linaambukiza. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala kwa kugusana, wala kwa kula pamoja.

Kwa hiyo wanaoigiza umati nao wajiandae. Mtoto akianguka, wasikimbie. Mmoja amwondoe penye hatari, amwekee kitu laini chini ya kichwa, alegeze nguo shingoni, na mtikisiko ukiisha amlaze ubavu. Asimshike kwa nguvu, wala asimtie kijiko au kitu chochote mdomoni. Mtikisiko ukizidi dakika 5, au ukirudia kabla hajazinduka, apelekwe hospitali haraka. Watazamaji watakuwa wamefundishwa bila hotuba.

Jambo moja lataka hotuba, nalo msimulizi alitamke waziwazi: mwenye kifafa aliyeombewa asiache dawa zake ghafla. Kuziacha hivyo huweza kuleta kifafa kikali kinachoua. Nimesikia wanaosema kumeza dawa ni kukosa imani. Luka alikuwa tabibu, naye hakufukuzwa safarini.

Mchezo ukiisha, wekeni benchi moja nyuma ya kanisa, na muuguzi wa zahanati aketi hapo. Atakuja mama mmoja, huenda wawili, watu wakishatawanyika.